Handaki la Mitendeni

Hammu bin Slimani alikuwa na ugonjwa usio na dawa: kusifu zamani. Huko Wahran, mji wa pwani ya kaskazini alikokuwa na duka la vitambaa, wateja walikwishamzoea. Ulikwenda kununua pazia, ukarudi na pazia pamoja na habari za nzige waliochemshwa kwa chumvi, na namna watoto wa Mzabu, bonde la jangwani alikozaliwa, walivyoteleza kwenye matuta ya mchanga wamekalia makuti, na raha ya kulala darini usiku wa joto huku bibi akitaja nyota kwa majina. Na wala hakuwa akidanganya. Hayo yote aliyafanya, na alipoyasimulia macho yalimlegea, mtu ukamhurumia.

Ubaya wake ni kwamba hakutosheka kuyasimulia. Alitaka binti yake ayaonje.

Binti mwenyewe aliitwa Bayya, mtoto wa ghorofa ya tano, mwenye msuko mmoja mrefu wa nywele uliomfika kiunoni na mama yake akiutunza kwa mafuta kila Alhamisi. Alikuwa na akili nyingi na woga mwingi. Usiku hakulala mpaka taa ya ukumbini iwake. Hammu akiuona woga ule aliuona kama deni la mjini, kitu ambacho juma moja shambani lingekifuta.

Basi Ijumaa hiyo, mwisho wa msimu wa joto, wakiwa huko Mzabu katika nyumba ya shamba chini ya mitende ya mama yake, alisubiri kuskusi iishe, akakusanya simu zote, akazitia katika sufuria ya shaba na kuifunika.

"Leo hakuna simu," akatangaza. "Leo tunaishi kama watu."

"Na mkeo akipiga?" aliuliza mama yake, Bibi Setti, ambaye alikuwa akikata maboga ya kukausha.

"Mke wangu yuko mji wa hapa bondeni kwenye harusi ya dada yake, mama. Wanampaka hina, hana habari na mimi."

"Hina hupakwa mikononi, haizibi masikio," alisema Bibi Setti, akaendelea na maboga yake.

Hammu alicheka, akamshika Bayya mkono, akamtoa nje. Hakumwambia mama yake wanakwenda wapi. Raha ya jambo lile, tangu zamani, ilikuwa mkubwa asijue.

Walisimama katika kichochoro, baina ya kuta za udongo. Mbingu ilikuwa kavu na nyeupe, bila wingu hata moja. Kichochoro kile ndicho njia ya watu na punda siku zote, na ndicho njia ya mto siku mto unapokuja, maana mto wa bonde lile haukai. Hupita mwaka huu, ukaacha miaka miwili, ukaja tena bila hodi. Chini ya ukuta wa Bibi Setti palikuwa na mdomo wa handaki, mpana wa kumpitisha mtoto, umebanwa na mawe mawili yaliyowekwa na wasimamizi wa maji tangu enzi za mababu kupima fungu la kila shamba. Maji yalipita humo, yakaenda chini kwa chini mpaka kwenye birika kubwa la kumwagilia la Bibi Setti, kisha yakaendelea kwa jirani Kasem na kwa wajane waliokuwa mbele yake.

"Humu?" aliuliza Bayya.

"Humu humu."

"Mbona kunanuka, baba?"

"Ni udongo huo. Wewe umezoea kunusa lifti."

"Kuna nge?"

"Kwa kelele zako hizi, nge wamekwishahama."

Bayya hakucheka. Alichungulia ndani, akarudisha kichwa upesi. Midomo ilikuwa imemkauka. "Nani alipita hapa akatoka?"

"Mimi! Mimi na Kasem na watoto wote wa mitende hii. Nikiwa mdogo kuliko wewe. Unatambaa tu, unatokea birikani. Na hakuna aliyekuwa akituangalia, unasikia? Hakuna! Bibi yako mpaka leo hajui. Watoto wa siku hizi mnalindwa kama mayai, ndiyo maana mnaogopa hata vivuli vyenu."

Mtoto alimtazama baba yake usoni. Aliona jinsi baba yake alivyolitamani jambo lile, naye hakuwa na moyo wa kumnyima.

"Utakuwa wapi?"

"Juu yako. Bustanini kuna matundu ya pumzi. Nitakuwa naliendea kila tundu, tunazungumza."

Bayya akapiga magoti, akapitisha bega moja baina ya mawe, kisha la pili. Nyayo zake zilionekana kidogo, zikapotea.

Hammu aliingia bustanini kwa mlango wa pembeni, akalifuata handaki kwa juu. Kwenye tundu la kwanza aliinama. "Unaonaje?"

"Giza!" Sauti ilikuja ya mbali na ya kitoto sana, kisha kicheko kidogo cha woga. "Baba, sauti yangu imekuwa kubwa!"

Moyo wa Hammu ulijaa. Alikwenda tundu la pili akiwa anatabasamu peke yake, na hapo ndipo aliposikia mlio wa bunduki upande wa juu wa bonde. Akatikisa kichwa. Harusi hiyo, alijisemea. Msimu wa harusi bonde zima lilinuka baruti. Wanaume walicheza na bunduki zao ndefu na kuzifyatulia chini. Hata shemeji zake bila shaka walikuwa wanajaza zao wakati ule.

"Umesikia, Bayya? Wanamchezea bibi harusi."

Bayya hakujibu.

"Bayya?"

Kisha, kutoka chini ya miguu yake kabisa, "Baba, nywele zangu zimenaswa."

Alilala kifudifudi. Tundu lilikuwa dogo, mkono wake haukupita kiwiko. Aliona kiganja cha mtoto kikimulikwa na mwanga kidogo, na pembeni yake nyuzi nyeusi zimening'inia. Ilimchukua muda kutambua kuwa ni mizizi. Zamani wanaume walilisafisha handaki lile kila mwaka kabla ya msimu wa mto. Kijana aliyelisafisha mara ya mwisho alikuwa Hammu mwenyewe, kabla ya kwenda kuuza vitambaa. Mitende haikumsubiri, mizizi yake ilikuwa imekua na kushuka, na msuko wa Bayya umeingia humo ukasokoteka.

"Rudi nyuma kidogo, mwanangu. Polepole."

"Nikirudi unavuta."

"Basi songa mbele."

"Nikisonga unavuta pia! Baba, nitoe!"

"Unatoka sasa hivi. Tulia. Fumua msuko taratibu, anza kwenye ncha." Sauti yake ilikuwa bado ya kawaida, lakini jasho jembamba lilikuwa limeanza kumtoka.

Bunduki ikalia tena. Safari hii karibu zaidi.

Akainua kichwa. Kitu fulani kilimsumbua katika mlio ule, asijue ni nini, kama mtu anayesahau jina la ndugu yake. Alikuwa amekaa mbali miaka mingi. Ndipo aliposikia mlango wa jikoni ukigonga ukuta, akamwona mama yake anakuja mbio baina ya mitende, kichwa wazi, kisu cha maboga mkononi. Hammu hakukumbuka lini alimwona mama yake akikimbia. Magoti ya mama yule hayakuwa yakipanda hata ngazi.

"Mto!" alipiga kelele. "Hammu, mto unakuja! Simu zinalia sufuriani kama zimeingiwa na shetani! Mtoto yuko wapi?"

"Hizo si... hizo ni za harusi, mama."

"Za harusi hulia pamoja! Hizi zinapokezana, mlinzi wa mto kwa mlinzi wa mto, zinashuka na bonde! Mtoto yuko wapi, nakuuliza?"

Hammu alinyoosha kidole chini.

Bibi Setti alilitazama tundu. Rangi ilimtoka, mpaka chale za kidevuni zikaonekana nyeusi kuliko siku zote. Mvua ilikuwa imenyesha mbali huko kwenye majabali ya kaskazini, pengine tangu jana, na mbingu ya bondeni haikuwa na habari. Ndivyo mto ule ulivyo. Kila mtoto wa Mzabu anafundishwa hilo kabla ya kufundishwa kusoma, na Hammu alifundishwa, na akalisahau.

"Bayya!" akapaza sauti ndani ya tundu. "Toka! Vuta! Vuta kwa nguvu, maji yanakuja! Toka, mwanangu, toka!"

Chini kukazuka kilio kilichomkata maini. Mtoto alikuwa akipiga miguu kwenye kuta za handaki, akivuta bila mpango, akizidi kujifunga. "Baba! Baba! Siwezi! Baba!"

Kofi lilimshukia Hammu shavuni. Mama yake hakuwa amempiga tangu alipobaleghe.

"Nyamaza!" alisema kwa sauti ya chini. "Unamwua kwa hofu kabla ya maji. Ondoka hapa. Nenda kazibe."

"Nizibe na nini?"

"Una mgongo. Nenda!"

Alikimbia. Mlangoni alijikwaa, akaanguka, akainuka. Nyuma yake alisikia jambo asilolielewa: mama yake akiongea kwa uchangamfu, sauti tamu ya kuchezesha mtoto. "Nani huyo anayelia bustanini kwangu? Ni panya? Kumbe ni Bayya wangu! Kaa kimya kidogo, roho ya bibi, nikuonyeshe kitu."

Kichochoroni hapakuwa na maji bado. Palikuwa na upepo, baridi, wenye harufu ya tope na ya mahali pengine. Kisha sauti, nzito, kama magunia yanayoburutwa. Hammu alikaa chini, akageuza mgongo kwenye mdomo wa handaki, akajisukuma baina ya yale mawe mawili mpaka mbavu zikalia. Akaweka miguu kwenye ukuta wa pili. Ndipo maji yalipokata kona.

Yalikuja kwanza kama ulimi, kahawia, yamebeba makuti na kokwa za tende na kiatu cha mtoto. Aliona kile kiatu, akafumba macho. Maji yakampiga magotini, yakampiga tumboni. Yalikuwa ya baridi ajabu. Yakapanda kifuani bila haraka, na Hammu akahisi jambo lililomtoa akili: nyuma yake, kwapani na kiunoni, palipokuwa na nafasi, maji yalikuwa yanapenya. Alihisi vijito vile vikiteleza mgongoni mwake na kuingia gizani, kuelekea kwa mwanawe, naye hana mkono wa kuvizuia.

"Ya Rabbi, si yeye," alisema. "Mimi. Mimi ndiye mpumbavu. Si yeye."

Bonde lilikuwa limelipuka kwa furaha. Mto umekuja! Juu ya kuta zote wanawake walikuwa wanapiga vigelegele, watoto wanapiga masufuria. Kasem, jirani yake, alitokea juu ya ukuta na jembe begani, suruali amepandisha, uso unang'aa. Alimwona Hammu. Uso ukabadilika.

"We Hammu! Umechanganyikiwa? Toka hapo!"

"Kasem..."

"Unaziba maji ya watu! Maji ya wajane hayo! Miaka mitatu tunayangoja, wewe unakuja kutoka Wahran kuyakalia kama kuku anayeatamia? Toka kabla sijakutoa kwa jembe!"

"Bayya yumo ndani."

Kasem aliuangalia mdomo wa handaki, akamwangalia rafiki yake. Hakuuliza mtoto aliingiaje. Alijua vizuri sana watoto huingiaje. Alilitupa jembe, akaruka majini, akavua joho lake la sufu na kulishindilia kwapani mwa Hammu, upande huu na upande ule, kisha akakaa mbele yake na kumkandamiza kwa mgongo wake mwenyewe. Wakakaa hivyo watu wazima wawili, maji shingoni.

"Nani yuko kwenye tundu?" aliuliza Kasem.

"Mama."

"Basi Mungu yupo. Sukuma miguu."

"Kasem, nikisikia kigelegele nitajuaje ni cha nini?"

Vigelegele vilitoka kila upande. Kimoja kilitoka karibu sana, pengine bustanini kwao, pengine ng'ambo. Hammu aligeuza kichwa kadiri shingo ilivyoweza. Kilikuwa cha mama yake? Sauti za wanawake wazee zinafanana. Kikatoka kingine, kirefu, kikakatika katikati. Mama angepiga kigelegele akimtoa. Na akimpoteza, si angepiga ukelele? Na ukelele katikati ya shangwe ile, ni nani angeutofautisha? Alijaribu kusikia kwa mgongo. Alijaribu kuhisi kama kuna kitu kinagonga kutoka ndani. Wakati mmoja alidhani amehisi mkono mdogo umemgusa kiunoni, akapiga kelele, kumbe ni kuti.

"Nataka kuingia ndani," akasema.

"Huingii. Wewe si mtoto tena. Utakwama, utamwua, utakufa na wewe."

"Kasem, niache!"

"Sikuachi. Tukana upendavyo."

Naye akatukana, matusi ya utotoni, matusi ya mitendeni, huku analia, na Kasem akayapokea yote bila kusogea.

"Yaacheni maji yapite," alisema mtu juu yao.

Bibi Setti alikuwa amepanda ngazi ya ukuta. Mikono yake ilikuwa myekundu mpaka viwikoni, na Hammu alipoiona damu ile aliona giza.

"Nimeziba," alisema kwa sauti ya kipumbavu. "Mama, nimeziba."

"Nimekwambia toka."

"Nimwone kwanza! Sitoki! Nimwone!"

Kichwa kikachomoza pembeni mwa Bibi Setti, kimejaa tope mpaka kwenye kope. Upande mmoja nywele zilikuwa zimekatwa karibu na sikio, ovyo ovyo. Damu ilikuwa ya Bibi: mkono wake mwembamba ndio pekee uliopita katika tundu, akawa anapapasa gizani kwa vidole na kukata kwa kisu, na kila alipokosea alihakikisha kisu kinaangukia upande wake.

"Baba!" Bayya alipiga kelele, na katika sauti ile hapakuwa na hofu hata tone. "Nimepita! Peke yangu! Bibi amekata tu, halafu nimetambaa mwenyewe, maji yalikuwa yananifuata yananitekenya miguu, nikatokea birikani! Baba, nataka tena!"

Kasem alimvuta Hammu kwa kola. Handaki likameza maji kwa ngurumo, na wale wawili wakatupwa ukutani na kuparamia ngazi. Bustanini Hammu alimkumbatia mwanawe mpaka mtoto akalalamika kwamba anambana. Alikaa chini topeni, meno yanagongana, wakati maji yalipobubujika birikani na kumwagika chini ya mitende.

"Uliogopa, baba?" aliuliza Bayya kwa mshangao.

Hammu aliinamisha kichwa kukubali.

"Mimi niliogopa mwanzoni tu. Bibi alikuwa ananichekesha." Akasikia watoto wa Kasem wanamwita kutoka shamba la pili, ambako maji yalikuwa yamefanya kidimbwi cha kina cha magoti, wanarushiana tope. "Baba, niende? Naomba niende!"

Mdomo wa Hammu ulifunguka kusema hapana. Mama yake akamwahi.

"Nenda," alisema.

Bayya akakimbia, nywele upande mmoja, maji yakiruka.

"Mama!" Hammu alimgeukia, karibu kwa hasira. "Sisi tulipita mle mara ngapi? Hatukuogopa. Hata mara moja! Ilikuwa raha tupu. Kwa nini leo..."

Bibi Setti alikuwa anajifunga kitambaa vidoleni kwa meno. Alimaliza fundo kwanza.

"Hamkuogopa," alisema. "Nani alikwambia woga haukuwapo? Kila mlipoingia mle nilikuwa nimelala juu ya lile tundu, nimeuma shela yangu nisisikike. Nilikuwa nasikia pumzi zako. Mama yake Kasem alikaa kichochoroni, sikio kwenye ukuta, anasikiliza bunduki. Ulikuwa unatoka unacheka, na mimi natapika nyuma ya banda la mbuzi."

"Sikuwahi kukuona."

"Ungeniona usingecheka." Akamtazama mwanawe pale topeni, mtu mzima wa ndevu, anatetemeka mwili mzima, na sauti yake ikalainika. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, Hammu. Huo utoto unaousifu huko dukani, raha yake ilikuwa yako. Hofu yake nilikuwa nayo mimi. Sasa inuka."

Kutoka shamba la pili kilikuja kicheko cha Bayya, kisha kishindo cha maji, kisha kimya.

Hammu aliinuka mbio. Alivuka bustani akishikilia mitende, akafika kwenye pengo la ukuta, na hapo, badala ya kuita, alirudi nyuma ya shina la mtende mnene, akajibanza. Aliweza kumwona vizuri. Bayya alikuwa amekaa majini, anacheka tena, kajaa tope mdomoni. Hammu aliushika ukosi wa shati lake, akauingiza kinywani, akauuma kwa nguvu, akaendelea kutazama.